Kimya cha Anayepigwa

Felista alizikwa Ndalambo siku ya Alhamisi, saa nane mchana, nami sikulia. Nilikaa na akina mama chini ya turubai la bluu, nimefunga kitenge kiunoni kama wao, nimeshika kikombe cha chai ya rangi iliyokwisha poa, nikawa naangalia mambo madogo madogo: kamba ya turubai iliyofungwa kwenye nguzo ya choo, moshi wa masufuria upande wa migomba, kuku mmoja aliyekuwa akipita katikati ya miguu ya waombolezaji bila kufukuzwa na mtu. Binti mkubwa wa marehemu alipoanguka kando ya kaburi na kudakwa na wanaume wawili, nikajikuta natazama namna alivyoanguka, kwamba goti lilitangulia, likafuata paja, kisha bega, na kichwa hakikugusa udongo. Niliona aibu kuwaza hivyo, ila hata aibu yenyewe ilikuwa mbali, utadhani ni ya mtu mwingine. Nyuma yangu mama mmoja alimwambia mwenzake kwa Kinamwanga, akidhani sielewi kwa sababu mimi ni Mnyiha, kwamba huyu mwenye duka la vitenge Tunduma amekuja msibani na macho makavu. Mwenzake akamjibu kwamba watu wa mjini machozi huyaacha nyumbani wakifunga mlango. Sikugeuka. Walikuwa wanasema kweli.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu, nani alinizaa na kwa nini niliondoka Mbozi, nitaziacha, hazina kazi hapa. Songwe ilikuwa haijawa mkoa, tulihesabiwa watu wa Mbeya, na Tunduma ilikuwa mji wa vumbi jekundu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Mwalimu Simbeye, mtu mfupi mwenye shingo nene aliyejifunza karate jeshini na kuimba kanisani, alikuwa ameazima ghala la mahindi pale Majengo na kuanzisha kikundi cha sanaa. Vikundi vya namna hiyo vilijaa nchi nzima miaka ile, vya ngoma, sarakasi na vichekesho, na vya karate pia, wanavunja matofali kwa viganja na watu wanapiga vigelegele. Mwalimu hakutaka matofali. Alitaka igizo ambalo watu wanaimba huku wanapigana, na wanapigana huku wanaimba, asiwepo wa kusimama pembeni kupokezana zamu. Alfajiri tulikimbia barabara ya Sumbawanga hadi mapafu yawake moto, tukarudi ghalani kurusha mateke kwa hesabu, mchana tukafundishwa nyimbo, jioni tukajifunza kuanguka juu ya magunia yaliyojazwa pumba. Nguo zetu za karate zilishonwa kwa mifuko ya unga wa ngano. Fundi aliifua mara tatu lakini mgongoni kwa Felista pakabaki panasomeka kilo hamsini, na watoto wa mtaani wakamwita hivyo mwaka mzima. Yeye aliitika.

Mimi na Felista tulilala chumba kimoja uani kwa Mwalimu, kitanda kimoja, godoro la sponji lililobonyea katikati kiasi kwamba usipojishikilia ukingoni mnakutana shimoni. Kuta zilibandikwa magazeti, na kwa kuwa hatukuwa na kitabu tulisoma ukuta, tukaujua kwa moyo, hata matangazo ya vifo ya watu wa mikoa tusiyoifahamu. Mwezi wa sita baridi ya Tunduma haina adabu, inapita chini ya mlango kama ina ufunguo, nasi tulijifunika mablanketi mawili na pazia juu yake. Felista alikuwa Mnamwanga wa Ndalambo, mwembamba, mwenye kicheko cha kushtukiza, mtu wa kuanza wimbo akiwa na mswaki mdomoni. Kila alichohisi kilipita usoni kabla hajakisema. Akiiba sukari ya Mama Simbeye ilibidi nimzibe uso kwa kanga tupite jikoni. Jioni kabla ya chakula alikaa kitandani na beseni la bati mapajani, akaligonga kwa vidole mara tatu, akaacha, akagonga tena, nami nikiwa nimesimama na mwiko wa ugali badala ya fimbo, tukifanyia mazoezi pigo la mwisho hadi Mama Simbeye atugombeze kwamba beseni ni la kufulia.

Pigo hilo lazima nilieleze vizuri, maana mambo yote yametoka humo. Igizo letu lilihusu dada wawili na chemchemi. Dada mkubwa, ambaye ni mimi, amezungushia chemchemi uzio na hataki kijiji kichote maji. Dada mdogo, Felista, anakuja na ndoo kichwani akiimba, wanajibizana kwa wimbo, maneno yanapanda, fimbo zinatoka, wanapigana ubeti hadi ubeti. Mwisho mkubwa anampiga mdogo kichwani, mdogo anaanguka, na pale chini alipolala anaanza wimbo wa mwisho kwa sauti ndogo, mmoja mmoja watu wanaingia kuupokea, na uzio unavunjwa. Sasa, kabla ya pigo, ngoma kubwa ililia mara tatu. Baada ya tatu mpigaji aliacha nafasi ya pigo moja, kimya. Ndani ya kimya hicho Felista alishusha kichwa na kugeuza bega. Kisha ngoma ikalia tena, na fimbo yangu ikapita pale kichwa chake kilipokuwa, huku mtu nyuma ya pazia akigonganisha vibao viwili ili watu wadhani wamesikia mfupa. Fimbo zilikuwa za mti wa mkahawa uliokauka, nzito, kwa sababu Mwalimu alisema mwanzi unaonekana wa kitoto jukwaani. Kila jioni alirudia maneno yale yale. "Kimya siyo chako, Adela. Kimya ni cha anayepigwa. Wewe ngoja ngoma ikuite."

Mpiga ngoma wetu alikuwa mzee aliyejua kuacha kimya bila hata kutazama, lakini katikati ya mwaka alikwenda Msangano kuvuna mpunga wake na akatuma salamu kwamba harudi karibuni. Mwalimu akavuka mpaka, akarudi na Kasonde. Kasonde alikuwa Mbemba wa Nakonde, kijana wa kama miaka thelathini, mrefu, mpole, mwenye ngoma yake mwenyewe aliyoibeba kwa mkanda wa ngozi begani. Alipiga kwenye maharusi na kwaya za upande wa pili, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya mzee wetu. Ila kimya kilimshinda. Ikifika tatu, badala ya kuacha, alitia pigo dogo la haraka na kuendelea, na fimbo yangu ikabidi isimame hewani. Ghala zima lilicheka.

"Kasonde! Tatu, halafu acha!"

"Ninaacha, mukwai," akajibu, neno lao la heshima.

"Huachi. Unajaza!"

Akacheka kwa haya, akajifuta jasho. "Kwetu ngoma ikinyamaza katikati ya wimbo watu wanasema mpigaji amesinzia, ba Mwalimu. Wanakurushia maganda ya karanga. Mkono unaenda wenyewe."

Wakaanza kumwita Mjazaji. Akipita na sahani ya ugali mtu anamwambia, "Mjazie na mboga, huyu ni wa kujaza." Hakukasirika. Nilichokiona mimi, na Felista alikiona pia, ni kwamba kila mchana, wenzake wakilala juu ya magunia, Kasonde alikaa nje ya ghala kwenye kreti la soda, akapiga paja lake mara tatu, akauma mdomo wa chini, akasubiri, akapiga. Alileta chikanda kutoka Nakonde, ule mkate wa mizizi ya porini na karanga wenye pilipili, akakata vipande akatugawia, huku mguu ukiendelea kuhesabu. Wiki ya pili ilipokwisha alikuwa hakosi kuacha kimya. Mimi ninayepiga na Felista anayepigwa tulilijua hilo, kwa sababu ndio tuliokuwa na maisha ndani ya nafasi ile. Wengine walikuwa wamekwisha zoea kumcheka, na mtu akishazoea kukucheka hasikilizi tena unachofanya.

Ndipo ikaja habari kwamba kiongozi wa kikundi kikubwa cha Dar es Salaam anapita Vwawa na atakuja kututazama. Alikuwa anatafuta msichana anayeimba na anayejua kupigana. Mmoja. Siku tatu kabla ya onyesho nilikuwa nyuma ya jiko nasugua masufuria kwa mchanga, saa za mchana, na Mwalimu alikuwa ndani anakula. Dirisha la jiko lile lilikuwa na wavu tu.

"Nitampa Felista," nikamsikia anasema.

"Na Adela?" mkewe akauliza. "Si ndiye mwenye karate?"

"Adela ana mikono, mke wangu. Hana uso. Anamuua mtu pale jukwaani, uso wake ni wa mtu anayechambua maharage."

Mama Simbeye akacheka, si kwa ubaya, akamwongezea mchuzi. Mimi niliendelea kusugua. Nakumbuka sufuria lenyewe, lilikuwa na masizi sugu chini ya mkono wa kulia, na nilihakikisha yametoka. Niliumia, nalisema wazi. Nilimwonea Felista wivu ambao sikuwa nimewahi kumwonea mtu, kwa sababu alichokuwa nacho si kitu cha kujifunza. Kukimbia ningekimbia zaidi, teke ningelipandisha zaidi, lakini uso ningeutoa wapi? Jioni hiyo akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akayavuta juu kunifanya nicheke, akaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo. Akanichemshia maji ya tangawizi, akasimama hadi nimalize kikombe.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbini Vwawa. Watu walijaa hadi madirishani, wafanyakazi wa ofisi na wauza sokoni, wakulima wa kahawa waliokuja na suti za kanisani, makondakta wa mabasi madogo waliosimama nyuma wakipiga miluzi. Mgeni wa Dar alikaa mstari wa mbele, bwana mnene mwenye miwani, amepakata begi. Tuliimba vizuri. Felista alipoingia na ndoo yake ukumbi ukanyamaza wenyewe, na nilipomtazama kutoka nyuma ya uzio nikaona mgeni ameinama mbele. Tukapigana. Fimbo ziligongana juu, chini, juu, kila mgongano juu ya neno lake la wimbo, miguu ikitambua ilipo bila kuangaliwa. Ngoma ikalia moja, mbili, tatu. Kisha kimya. Nilikisikia. Kilikuwa kimya kizuri, kipana, hakina kasoro, Kasonde alikiacha kama alivyojifunza kwenye kreti lake. Na ndani ya kimya kile, kichwa cha Felista kikiwa ndiyo kwanza kinaanza kushuka, fimbo yangu ilikuwa njiani.

Nimejiuliza zaidi ya miaka ishirini kama nilikusudia. Sisemi nilikusudia, wala siwezi kuapa kwamba sikukusudia. Najua tu kwamba ngoma haikuniita na nilikwenda. Fimbo ilimpata juu ya sikio la kushoto. Alianguka vibaya, bila goti, bila bega, na watu wakapiga makofi kwa sababu hawakuwahi kuona anguko la kweli namna ile. Akalala. Nilisimama juu yake na uso wangu wa kuchambua maharage, sikusikia kitu moyoni, hata hofu. Halafu pale chini akaanza wimbo. Sauti ilikuwa ndogo kuliko siku zote na ilichelewa kidogo, lakini aliuimba wote, damu ikimtiririka shingoni na kuingia kwenye nguo ya mfuko wa unga. Watu wakaingia kuupokea, uzio ukavunjwa, ukumbi ukasimama. Walidhani ni rangi.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya viti. Mwalimu aliingia mbio. "Nani amejaza?" akauliza, na hakuna aliyehitaji kujibu, macho yote yalikwisha kwenda kwa Kasonde, aliyekuwa amesimama mlangoni na ngoma yake begani.

"Leo nimeacha, ba Mwalimu," Kasonde akasema. "Kweli nimeacha. Muulizeni Adela." Akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alikuwa na uhakika kabisa nitasema. "Adela, si niliacha?"

Nilitazama viti. Vilikuwa vya chuma, vimepangwa vinne vinne. Felista alikuwa amekaa juu ya kimoja, kanga imekandamizwa sikioni, na kabla sijafungua mdomo, kama kweli ningeufungua, akasema, "Ngoma ilijaza." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mwalimu alimtukana Kasonde matusi ambayo sitayaandika, akamwambia arudi kwao na mikono yake ya harusini, na wale wenzetu waliokuwa wakila chikanda chake wakampisha njia. Alinitazama mara moja tu. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Kisha akainama apite mlangoni na ngoma.

Daktari aliyemwona Felista alisema sikio la kushoto halitasikia tena. Asubuhi ya pili chumbani kwetu alilala ubavu, sikio lile zima likiwa juu, nami nikamuuliza kwa nini alisema vile. Akavuta blanketi hadi shingoni. "Mgeni anaondoka leo," akasema. "Mimi upande huu sisikii kitu, Ade, hata nikigonga beseni. Ningesema kweli asingekuchukua, tungebaki wote wawili tunauza nyanya stendi. Mmoja wetu ilibidi aende." Kisha akaniambia nifunge pazia, mwanga unamuumiza kichwa. Nilifunga pazia. Nikafunga na begi. Mgeni alinichukua bila maswali mengi, alisema msichana aliyesimama vile juu ya mwenzake bila kupepesa ni kitu adimu.

Nilikaa Dar miaka kumi na mmoja. Nilicheza maadui, kila igizo adui, wake wenza wauaji na wachawi na majemadari, na watu walilipenda jambo lile lile lililomfanya Mwalimu asinitake. Sikuwahi kumgusa mtu tena hata kwa bahati mbaya. Niliingoja ngoma kupita kiasi, wenzangu wakanilalamikia nachelewa. Goti lilipokataa nikarudi Tunduma, nikafungua duka la vitenge karibu na mpaka, na huko nyuma Felista alikuwa ameolewa Ndalambo, ana watoto wanne, analima alizeti. Kila alipokuja mjini alipita dukani. Alizunguka kaunta ili sikio la kulia liwe upande wangu, tukapiga soga za bei ya mbolea na watoto, akachagua kitenge, akaenda zake. Hatukulitaja. Upande wa Nakonde ninakonunua mzigo nilimsikia Kasonde anatajwa sokoni, anapakua mizigo ya malori, hakuna kwaya wala harusi iliyomweka tena. Walimpa jina, Kasonde Kutwi, kutwi kwao ni sikio. Mpiga ngoma aliyemuua sikio binti wa Kitanzania. Nilinunua vitenge vyangu nikavuka kurudi. Kutoka dukani kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na niliishi hivyo miaka yote, nikajiambia kwamba sihisi kitu, na kwa kweli sikuhisi.

Mwezi uliopita Felista alilazwa Vwawa, figo. Nilimpelekea mtori kwenye chupa ya chai. Alikuwa amekonda akawa kama yule msichana wa zamani, uso bado haujui kuficha. Alikunywa vijiko vitatu, akakisukuma kikombe. "Yule baba wa Nakonde yupo bado?" akauliza. Nikasema yupo. "Mimi nimesema uongo mwingi wa kawaida, dada, wa mume na majirani, huo Mungu ataupanga. Lakini ule mkubwa niliusema kwa ajili yako. Nenda ukamwambie." Nikasema nitakwenda. "Lini?" Nikasema wiki ijayo, baada ya mzigo kuingia. Akacheka kile kicheko chake, dhaifu, akasema, "Haya, mwenye mzigo." Mzigo uliingia, sikwenda. Wiki iliyofuata alifariki.

Nilikwenda Jumamosi, siku mbili baada ya maziko, asubuhi. Nyumba ya Kasonde ni ya tofali za kuchoma, nyuma ya soko, na uwanja uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Alikuwa kwenye kigoda anakaza mpini wa jembe kwa kipande cha mpira. Mzee sasa, mvi tupu, mabega yameinama kwa magunia. Mkewe alikuwa barazani anapepeta mahindi. Nilichuchumaa kidogo kwa heshima, nikamsalimu kwa Kibemba changu cha sokoni, mulishani mukwai, akajibu bwino, akaniangalia, akasema palepale, "Adela wa fimbo."

"Felista amefariki, baba."

"Nimesikia."

Sikuwa nimepanga maneno. "Siku ile Vwawa uliacha," nikasema. "Kimya nilikisikia. Wewe uliacha sawasawa, mimi ndiye niliyepiga kabla ya wakati. Felista akasema uongo kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza."

Aliendelea kuvuta mpira hadi ukakaza. "Angekuwa hai ungekuja?"

"Alinituma akiwa hai. Sikuja."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuonekana kushangaa wala kufurahi. "Hiyo habari ninayo tangu siku ile, mayo," akasema, yaani mama kwa Kibemba. "Mimi ndiye niliyeacha, ningekosaje kujua? Kwangu hujaleta kitu. Mwambie yule." Akaonyesha baraza kwa kidevu, akapaza sauti. "Bana Mulenga! Iseni kuno."

Mkewe, Mama Mulenga kwa lugha yetu, akaja akijipangusa pumba mikononi, mwanamke mpana, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Nikamwambia yote kama nilivyomwambia mumewe. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama mumewe, na alipofungua mdomo alisema naye kwa Kibemba, polepole, nami nikaelewa kila neno ingawa ningependa nisielewe.

"Uliniambia siku ile uliporudi," akasema. "Ukaniambia tena mbele ya baba yangu. Ukaniambia na Mulenga alipozaliwa. Mara tatu."

"Acha, Bana Mulenga."

"Nilikujibu nini? Nilikujibu mwanamume akikosa akubali, asisingizie wasichana. Watu walipokuita Kutwi nilicheka nao kisimani. Ngoma hukuiuza, niliwaambia watu umeiuza. Mimi niliipasua kwa shoka. Nikasema aibu itoke humu ndani. Kuni zake nilizipikia ugali, Kasonde, ukala."

"Nilijua," Kasonde akasema. "Niliona mkanda kwenye majivu."

Mkewe akapiga magoti palepale kwenye mistari ya ufagio, mbele ya kigoda, akaanza kupiga makofi yale ya kwao ya kuomba radhi, taratibu, viganja vimekunjwa, kichwa chini. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa pembeni na hakuna aliyenikumbuka. Nilingoja nilie, sikulia. Kasonde akaweka jembe chini, akamshika mkewe kiwiko amwinue, akamvuta, akamvuta tena, na yule mama akakataa kuinuka.